Feni ya Rejeta Haizunguki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Umeme Wake

Majibu haya ni kwa magari ya volti 12 yenye feni ya umeme mbele ya injini: Vitz, IST, Raum, Spacio, RAV4 na wenzao waliojaa barabara za Arusha na Moshi. Kama una Land Cruiser ya dizeli ya kizamani inayobeba watalii, huenda feni yake inazungushwa na injini yenyewe kwa mkanda. Hiyo haina fyuzi wala rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe mkubwa), na mengi ya hapa chini hayakuhusu.

Gari langu linachemsha. Nitajuaje kama tatizo ni feni?

Angalia linachemsha wakati gani. Gari likichemsha kwenye foleni ya Kilombero au ukisubiri abiria Tengeru, halafu joto likashuka ukishaanza kukimbia, feni ndiyo mtuhumiwa wa kwanza. Ukikimbia kilomita 60 au 80 kwa saa upepo wa barabarani unatosha kupoza rejeta, na feni haina kazi kubwa.

Gari likichemsha ukiwa kwenye mwendo mzuri barabara ya Bomang'ombe, usipoteze muda kwenye nyaya. Tazama rejeta iliyoziba, wota pampu, thamostati iliyokwama, au gasketi ya hedi. Vilima kama Himo kwenda Marangu viko katikati: mwendo ni mdogo na injini inafanya kazi nzito, kwa hiyo feni mbovu huonekana hapo haraka, lakini rejeta iliyoziba nusu nayo huonekana hapohapo.

Kabla ya yote, injini ikiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta uone maji. Sensa ya joto inasoma maji, haisomi mvuke. Maji yakipungua hadi sensa ikabaki hewani, injini inaweza kuwa inaungua huku kompyuta ikiamini mambo ni shwari, na feni isiwake kabisa. Watu wengi wamebadilisha mota, rilei na sensa kwa sababu ya bomba linalovuja.

Feni inatakiwa kuwaka joto likifika wapi?

Inategemea gari, lakini nyingi huwaka kati ya digrii 92 na 100 na kuzima joto likishuka digrii 5 hadi 10 chini ya hapo. Usitegemee mshale wa dashibodi. Kwenye magari mengi ya kisasa mshale hukaa katikati kwa makusudi hata joto likipanda na kushuka, na baadhi ya magari madogo hayana mshale kabisa, yana taa ya buluu ya ubaridi na nyekundu ya hatari. Ukitaka namba ya kweli, soma kwa mashine ya daiginosisi.

Kuna jambo moja la huku kwetu. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyo wazi huchemka kwenye digrii 95 badala ya 100. Moshi iko chini zaidi, huko ni kama digrii 97. Mfuniko mzima wa rejeta hubana presha na kupandisha kiwango hicho kwa digrii 20 na ushee, kwa hiyo feni ina nafasi ya kutosha kuwaka. Mfuniko ukiwa na mpira uliochoka, maji yanaweza kuchemka na kumwagika kabla feni haijafikia joto lake la kuwaka. Hapo feni haina kosa lolote. Badilisha mfuniko.

Umeme wa feni unapita wapi?

Njia ni mbili, na ukizichanganya utazunguka siku nzima.

Ya kwanza ni njia ya nguvu: betri, fyuzi kubwa (mara nyingi ampea 30 au 40), pointi za rilei, mota, kisha bodi (chuma cha gari) na kurudi hasi ya betri. Hapa inapita ampea 8 hadi 15 kwa gari dogo, na zaidi kwa gari kubwa. Mota inapoanza kuzunguka huvuta mara mbili au tatu ya hizo kwa muda mfupi.

Ya pili ni njia ya amri: umeme wa swichi ya ufunguo, koili ya rilei, halafu swichi ya joto au kompyuta ya injini (ile mafundi wanayoiita kontroboksi) inayokamilisha mzunguko kwa kuipa koili hasi. Hapa umeme ni mdogo, haufiki hata robo ya ampea.

Rilei imesimama kwenye makutano ya njia hizi. Ndiyo maana kipimo kizuri kuliko vyote hufanyika kwenye matundu yake.

Nahitaji vifaa gani?

Mita ya kawaida ya kidijitali, taa ya kupimia, na waya wa jampa wa milimita 2.5 za mraba wenye kishika-fyuzi na fyuzi ya ampea 30. Taa ya kupimia iwe ya balbu ya indiketa ya wati 21 uliyoiunga nyaya mbili. Usitumie ile yenye kitaa kidogo cha LED: kitaa hicho huwaka hata kwenye waya uliobaki uzi mmoja, lakini balbu ya wati 21 huvuta karibu ampea 2 na kukuonyesha waya dhaifu kwa kufifia. Huo msaada mita haiutoi kirahisi.

Nianzie wapi?

Kwanza usalama. Feni ya umeme inaweza kuwaka yenyewe bila kukuonya, na kwenye baadhi ya magari hata ufunguo ukiwa umetolewa. Mikono, mikono ya shati, kanga na nyaya za mita zikae mbali na mapanga. Mfuniko wa rejeta usiguswe injini ikiwa moto.

Kisha fuata mpangilio huu:

1. Pima betri. Injini ikiwa imezimwa, volti 12.4 hadi 12.7. Injini ikiunguruma, 13.8 hadi 14.4. Altaneta ikiwa dhaifu, feni itazunguka kivivu, hasa usiku taa zikiwa zimewashwa.
2. Washa injini na AC. Kwenye magari mengi feni inatakiwa kuwaka muda mfupi baada ya kompresa kushika. Ikiwaka, njia ya nguvu ni nzima, na tatizo lako liko kwenye amri ya joto.
3. Kama haiwaki, tafuta fyuzi ya feni chini ya boneti. Kwenye Toyota imeandikwa RDI FAN, na ya feni ya kondensa (rejeta ya AC) ni CDS FAN. Usiitazame kwa macho tu. Gusa pande zake mbili kwa taa ya kupimia ikiwa mahali pake: taa iwake pande zote. Upande mmoja tu ukiwaka, fyuzi imekatika hata kama inaonekana nzima.
4. Zima injini, chomoa rilei ya feni. Kwenye matundu yake, moja kubwa litakuwa na umeme wa betri. Kwenye baadhi ya magari mpaka uwashe swichi. Hilo ni 30 kwa namba za rilei (3 kwa Toyota). Tundu la 87 (5 kwa Toyota) ndilo linalokwenda kwenye mota, na ukipima ukinzani kutoka hapo hadi bodi utasoma chini ya omu 2 hivi, kwa sababu unasoma mota yenyewe.
5. Unganisha 30 na 87 kwa jampa yenye fyuzi. Feni ikizunguka kwa nguvu, basi fyuzi, nyaya kubwa, mota na bodi vyote ni vizima, na unabaki na rilei na amri yake. Isipozunguka, ziache rilei na sensa zipumzike. Tatizo liko kati ya hapo na mota, au kati ya mota na bodi.

Jampa hiyo moja inakata kazi nusu. Anayeanza kwa kununua sensa mpya kabla ya kuifanya anacheza bahati nasibu kwa pesa yako.

Onyo: usipeleke umeme wa chanya kwenye tundu la koili linalokwenda kontroboksi. Ndani kuna transista ndogo inayotakiwa kupokea umeme kupitia koili tu. Ukiipa volti 12 moja kwa moja, imekwenda, na kontroboksi haiuzwi kwa bei ya rilei.

Mita inaonyesha volti 12 kwenye soketi ya mota, lakini feni haizunguki. Mota imekufa?

Si lazima, na hapa ndipo mota nyingi nzima hutupwa.

Ukichomoa soketi na kupima, hakuna umeme unaotembea. Waya uliooza ndani na kubakiza nyuzi mbili bado utaonyesha volti 12, kwa sababu mita haivuti kitu. Soketi ikirudi na mota ikitaka ampea 12, nyuzi mbili haziwezi, na volti inaanguka.

Pima soketi ikiwa imechomekwa na feni imeamriwa kuwaka. Penyeza ncha nyembamba ya mita kutoka nyuma ya soketi, bila kutoboa ganda la waya. Vipimo ni vitatu:

Kati ya nyaya mbili za mota: inatakiwa iwe karibu na volti ya betri, isipungue zaidi ya volti moja hivi.

Kati ya chanya ya betri na waya wa chanya wa mota: isizidi nusu volti. Ikizidi, sogeza ncha ya pili nyuma kidogokidogo, soketi, rilei, fyuzi, mpaka uone inaporuka. Palipo na mruko ndipo ugonjwa ulipo.

Kati ya waya wa hasi wa mota na hasi ya betri: isizidi volti 0.2 au 0.3. Ikizidi, bodi haishiki. Kwenye Toyota nyingi waya wa bodi ni mweupe wenye mstari mweusi, na umefungwa kwa bolti kwenye chuma karibu na taa au chini ya betri. Fungua bolti, kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, funga, paka grisi juu yake.

Chukua mfano. Betri volti 13.9, mota inapata 10.4, inavuta ampea 12. Volti 3.5 zimepotelea njiani, na ukizidisha mara 12 unapata wati 42 za joto ndani ya soketi moja ya plastiki, sawa na pasi ndogo ya kulehemu iliyofichwa chini ya boneti. Ndiyo maana soketi ya feni huwa ya kahawia, imevimba, na pini moja imebadilika rangi kuwa ya buluu. Ukiona hivyo, kuweka mota mpya kwenye soketi hiyohiyo ni kuichoma mota mpya. Kata soketi, weka nyingine yenye pini mpya na kipande cha waya wa milimita 4 za mraba, banisha kwa koleo, lehemu, funika kwa mpira wa kubana kwa joto. Tepu peke yake haifai: joto la hapo hulainisha gundi yake na kuiachia.

Ikiwa mota inapata volti zake zote soketi ikiwa imechomekwa na feni imeamriwa, na bado imenyamaza, sasa ndiyo, mota imekufa.

Nikiigonga mota inaanza kuzunguka. Nimepona?

Hujapona. Kaboni za ndani zimeisha na kugonga kwako kumezisogeza zikagusa tena. Itasimama tena siku ya jua kali.

Baadhi ya mota hufunguka. Mafundi wa kufunga mota na altaneta hubadilisha kaboni, husafisha komyuteta (shaba ya kwenye shafti inayoguswa na kaboni) kwa msasa laini na kuweka bushi mpya. Kazi hiyo inafaa kama komyuteta haijalika na shafti haichezi. Mota zilizobanwa kwa bati lililokunjwa hufunguka kwa shida na mara nyingi hazirudi sawasawa, hizo badilisha.

Fyuzi inaungua kila nikiweka mpya.

Inaungua saa ngapi? Hilo ndilo swali.

Ikiungua papo hapo ukiichomeka, hata kabla ya feni kuamriwa, kuna shoti kati ya fyuzi na rilei. Ikiungua feni inapoamriwa tu, shoti iko baada ya rilei au mota imekwama. Ikikaa dakika kadhaa ndipo iungue, mota ni nzito: bushi zimekauka, matope yameingia, au mapanga yanakwaruza fremu.

Zima kila kitu, zungusha panga kwa kidole. Linatakiwa kuzunguka kilaini na kujiendeleza kidogo. Likiwa gumu au linakwaruza, umepata. Mota iliyokwama kabisa huvuta ampea nyingi kupita fyuzi ya 30, na fyuzi imefanya kazi yake. Ukiwa na mita ya kushika waya inayosoma umeme wa DC, soma ampea zikitembea: feni ya gari dogo inayovuta 20 wakati zamani ilivuta 10 inakuaga.

Kama panga ni laini, chomoa soketi ya mota na uiamuru feni. Fyuzi ikiendelea kuungua, mota haina hatia: waya umechubuka mahali unapopita kwenye fremu ya rejeta, au umelala juu ya bomba la ekzosi. Panya nao wana mchango wao, hasa kwa gari linalolala nje karibu na shamba la migomba.

Usiweke fyuzi ya 50 badala ya 30, wala uzi wa waya. Fyuzi ikinyimwa kazi yake, kitakachoungua ni waya, na waya huungua pamoja na gari.

Rilei inalia "tik" lakini feni kimya. Si ina maana rilei ni nzima?

Mlio unathibitisha koili tu. Pointi zinaweza kuwa zimeungua hazipitishi kitu.

Koili hupimwa kwa omu, 85 na 86, au 1 na 2 kwa namba za Toyota: itasoma kati ya 50 na 120 kwa rilei nyingi. Ipe volti 12 kisha pima pointi, 30 na 87 (kwa Toyota 3 na 5): karibu na sifuri. Halafu, na hili ndilo muhimu, pitisha mzigo halisi, mfano balbu ya taa kubwa ya wati 55. Balbu ikiwaka hafifu, pointi zimekwisha. Rilei nyingine zina dayodi ndani, kwa hiyo angalia mchoro ubavuni kabla ya kuamua chanya ikae wapi.

Njia ya mkato: badilishana na rilei ya honi, mradi zina namba moja na mchoro mmoja. Umbo kufanana hakutoshi.

Swichi ya joto na sensa ya joto ni kitu kimoja?

Hapana, na kuvipima kwa njia moja ndiko kunakoleta majibu ya ajabu.

Swichi ni ya kufunga na kufungua tu. Inakaa kwenye rejeta au karibu na thamostati, mara nyingi ina waya mmoja au miwili, na inaiamuru rilei bila kupitia kompyuta. Sensa ni ya kupimia: ukinzani wake hushuka joto linapopanda, na kompyuta ndiyo inayoamua. Sensa ya Toyota ya kawaida husoma omu 2,000 hadi 3,000 kwenye digrii 20, na omu 200 hadi 400 kwenye digrii 80. Iweke kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, chemsha, uone omu zinashuka polepole bila kuruka. Zikiruka, itupe.

Swichi nazo ziko za aina mbili. Za aina ya kwanza hufunga mzunguko zikipata moto: chomoa soketi, unganisha nyaya zake mbili, feni iwake. Za aina ya pili, zilizotumika sana kwenye Toyota za miaka ya 1990, hufanya kinyume. Swichi hufunga ikiwa baridi na kuifanya rilei ishike, na rilei ikishika hukata feni. Joto likifika digrii 93 hivi swichi inafungua, rilei inaachia, feni inawaka. Walibuni hivyo ili waya ukikatika feni iwake, injini isife.

Kwenye gari la aina hii, ufunguo ukiwa ON, chomoa soketi ya swichi: feni iwake mara moja. Ikiwaka, na ukichomeka haiwaki hata injini ikiwa moto, swichi imekwama. Isipowaka, waya wa swichi unaweza kuwa umechubuka na kugusa bodi, na rilei inadhani injini ni baridi milele. Fundi asiyejua hili huunganisha nyaya kama alivyofundishwa kwa aina ya kwanza, feni inabaki kimya, kisha anakwambia ununue mota.

Nikichomoa soketi ya sensa feni inawaka. Je, sensa ndiyo mbovu?

Haijathibitisha hivyo. Kompyuta nyingi zikipoteza sensa huwasha feni kwa tahadhari. Ulichothibitisha ni kwamba kompyuta, rilei na mota vinafanya kazi. Sasa pima sensa kwenye sufuria, au linganisha joto la mashine na joto halisi. Asubuhi injini ikiwa imelala usiku kucha, mashine isome karibu na joto la hewa. Ikisoma digrii 60 asubuhi ya Julai pale Ngaramtoni, kuna uongo.

Feni haizimi hata nikitoa ufunguo.

Dakika chache baada ya kuzima injini ni kawaida kwa magari mengine. Ikiendelea hadi betri inakata, chomoa rilei. Feni ikizima, pointi zimegandana au koili bado inapata amri. Weka rilei nyingine ujue ni lipi. Ikiendelea kuzunguka rilei ikiwa mkononi mwako, kuna mtu aliunga waya wa pembeni. Ufuate kutoka kwenye mota kurudi nyuma.

Nina feni mbili na zote hazizunguki kwa mwendo wa polepole, lakini kwa mwendo wa kasi moja inazunguka.

Mfumo wako unaziunga mota mfululizo kwa mwendo mdogo: umeme unapita ya kwanza kisha ya pili, kila moja ikipata nusu ya volti. Kwa mwendo mkubwa rilei nyingine huzitenganisha na kila moja hupata volti zake zote. Mota moja ikikatika ndani, mwendo mdogo wote unakufa, na iliyo nzima hufanya kazi kwenye mwendo mkubwa pekee. Mota iliyonyamaza kwenye mwendo mkubwa ndiyo mbovu. Rilei ziache.

Nimeweka mota mpya, inazunguka vizuri, gari bado linachemsha.

Angalia inakozungukia. Mota ya DC ikigeuziwa chanya na hasi huzunguka kinyume, na feni iliyo nyuma ya rejeta ikaanza kusukuma hewa mbele dhidi ya upepo wa barabarani. Ukisikiliza huwezi kujua. Chukua kipande cha tishu, kiweke mbele ya rejeta, upande wa grili na siyo upande wa mapanga: kivutwe na kunata. Kikipeperushwa kwenda mbele, geuza nyaya.

Angalia pia kama bati au plastiki inayozunguka feni ipo. Bila hiyo feni huvuta hewa kutoka pembeni na kuipita rejeta.

Mashine ya daiginosisi imetoa kodi ya hitilafu P0480. Ninunue mota?

Kodi hiyo inahusu njia ya amri ya feni ya kwanza: kompyuta, waya na koili ya rilei. P0481 ni feni ya pili. Kompyuta nyingi haziioni mota kabisa, kwa hiyo mota inaweza kufa bila kodi yoyote kutokea. P0117 na P0118 ni za saketi ya sensa ya joto, volti ikiwa chini mno au juu mno. P0118 mara nyingi ni soketi iliyochomoka au waya uliokatika. P0128 inaelekea kwenye thamostati, na ni kawaida kwa magari yaliyotolewa thamostati "ili yasichemshe". Gari la hivyo huendesha injini baridi, na barabarani feni huenda isipate sababu ya kuwaka. Rudisha thamostati kabla ya kuanza kutafuta ugonjwa wa feni.

Fundi anataka kuiunga feni direkti kwenye swichi ya dashibodi. Nikubali?

Kwa kufika nyumbani, sawa. Kwa kudumu, hapana. Siku utakayosahau kuiwasha ndiyo siku gasketi ya hedi itakapoungua. Ukiiacha ikiwaka muda wote, injini hukawia kupata moto asubuhi za baridi, inakula mafuta, na kaboni za mota huisha mapema. Swichi ndogo ya dashibodi nayo haikutengenezwa kwa ampea 12, huyeyuka.

Ikibidi kabisa, weka rilei ya ampea 40, fyuzi ya 30 karibu na betri kadiri inavyowezekana, waya wa milimita 4 za mraba kutoka betri hadi mota, na swichi ya dashibodi iamuru koili tu. Bora zaidi, badala ya swichi ya mkono weka swichi ya joto ya kufungwa kwenye bomba la juu la rejeta.

Nanunua mota ya mtumba. Niangalie nini?

Iunge kwenye betri hapo dukani kabla ya kulipa. Iache izunguke dakika tano, isikilize, iguse: ikiwa moto sana wakati haina kazi nzito, bushi zimekwisha. Tikisa shafti, isicheze. Angalia pini za soketi, zisiwe zimeungua. Hakikisha idadi ya pini, upande wa kuzunguka, na matundu ya bolti vinafanana na yako. Mota yenye pini nyingi na kisanduku cha elektroniki mgongoni hudhibitiwa mwendo na kompyuta, na haiingiliani na mota ya pini mbili.

Ukishaifunga, mwambie anayeosha gari asipige injini kwa maji ya presha. Soketi nyingi za feni zinaota ukungu wa kijani wiki chache baada ya kuoshwa hivyo.

Feni imekufa nikiwa njiani. Nifikeje?

Zima AC. Washa hita hadi mwisho, feni ya ndani kwa kasi ya juu, fungua vioo. Utatokwa jasho, lakini hita ni rejeta ndogo ya ziada. Kaa kwenye kilomita 50 hadi 70 kwa saa kwa gia ambayo injini hailii. Kutoka Usa River kuelekea Moshi barabara kwa sehemu kubwa inateremka na upepo utakusaidia. Ukiwa njia panda ya Himo na safari yako ni kupanda Marangu, usipande.

Mbele ukiona foleni, paki mapema kabla hujaingia ndani yake. Mshale ukipita katikati au taa nyekundu ikiwaka, simama, zima injini, fungua boneti, subiri nusu saa au zaidi. Usimwagie rejeta wala injini maji baridi, na mfuniko usiufungue hadi bomba la juu likubali kubinywa kwa mkono bila kuunguza. Ukiwa na jampa yako yenye fyuzi, unganisha 30 na 87, endesha hadi kwa fundi, na ukifika zima gari na uichomoe kabla betri haijaisha.